Milango ya Fahamu na Ada za Lugha: Historia ya Mjadala Kuhusu Rangi, Sauti na Harufu

Utangulizi

Swali la kama binadamu wote huuhisi ulimwengu kwa namna moja ni la zamani, na katika taaluma ya lugha limekuwa likizuka upya karibu kila kizazi. Milango ya fahamu ni ile ile kwa kila aliyezaliwa na afya yake: jicho, sikio, pua, ulimi na ngozi. Hata hivyo lugha hazikubaliani katika kuyapa majina yale yaingiayo kwa milango hiyo, wala ada hazikubaliani katika kuamua lipi lizingatiwe na lipi lipuuzwe. Msemaji wa Kiswahili husikia harufu na huona baridi. Humwita jirani yake mweupe, mwekundu, mweusi au maji ya kunde, wala hakusudii hata mara moja rangi ambayo mchoraji angeichanganya ili kumchora jirani huyo.

Makala haya yanafuatilia historia ya swali hilo tangu mwaka 1858, yakaonyesha mahali pa Kiswahili ndani yake. Hoja inayotetewa ni kwamba makosa makubwa ya historia hii yalizaliwa na tabia ya kuchanganya mambo matatu: uwezo wa kiungo cha mwili, msamiati wa lugha, na ada inayowafundisha watu wazingatie nini. Makosa hayo hayakubaki vitabuni. Yalitumika kuwapima watu na kuwapanga katika madaraja ya ubora, na athari zake zingali katika kamusi, katika tafsiri na katika mitihani ya shule.

1. Bahari na Mvinyo

Mwaka 1858 William Ewart Gladstone, mwanasiasa wa Uingereza ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu mara nne, alichapisha kitabu cha majuzuu matatu juu ya mshairi Homer. Katika juzuu la tatu alikusanya maneno yote ya rangi aliyoyaona katika tenzi za mshairi huyo, akastaajabu. Bahari ilifananishwa na mvinyo, na sifa hiyo hiyo ikapewa ng'ombe. Chuma kiliambiwa kina rangi ya urujuani. Neno ambalo baadaye lilikuja kumaanisha kijani lilitumika kwa asali, na kwa uso uliopauka kwa hofu. Mbingu, ijapokuwa imetajwa mara nyingi, haikuitwa buluu. Gladstone hakusema kwamba Homer alikuwa haoni. Alisema kwamba kiungo cha kutambulia rangi kilikuwa hakijakomaa miongoni mwa Wayunani wa zama hizo.

Miaka tisa baadaye, mnamo 1867, Mjerumani Lazarus Geiger alisoma mhadhara mjini Frankfurt akaipanua hoja hiyo. Alitazama maandiko ya kale ya Wahindi na ya Waebrania, akakuta huko nako mbingu zinasifiwa kwa urefu pasipo kutajwa rangi yake. Akapendekeza kwamba majina ya rangi huzaliwa katika lugha kwa mfuatano maalumu, na kwamba jina la buluu huchelewa. Mwaka 1877 tabibu wa macho wa Breslau, Hugo Magnus, aliyachukua maneno ya Geiger akayageuza kuwa habari ya mwili: macho ya wanadamu, alidai, yamekuwa yakijifunza kuona rangi hatua kwa hatua katika maelfu ya miaka, na lugha ni kumbukumbu ya hatua hizo.

Dai hilo lilikuwa na hatari yake. Ikiwa msamiati ni kipimo cha jicho, basi taifa lolote lililo hai ambalo lugha yake ina maneno machache ya rangi lingehesabiwa kuwa limebaki nyuma katika maumbile yenyewe. Ndipo wapimaji walipoanza kuwatafuta watu wa kupimwa. Mwaka 1878 Rudolf Virchow aliwachunguza Wanubi waliokuwa wameletwa Berlin kuonyeshwa kwa watazamaji kama maajabu. Akaona kwamba waliweza kuzitenga rangi ambazo hawakuwa na majina yake. Mwaka 1880 Magnus mwenyewe, akishirikiana na Eduard Pechuël-Loesche aliyekuwa amesafiri katika pwani ya Loango, alitoa matokeo ya maswali waliyoyapeleka kwa wamishenari, wafanya biashara na maafisa waliokaa nchi za mbali, yakiambatana na vipande vya rangi. Majibu yalielekea upande mmoja: watu waliziona rangi zote, hata pale lugha zao zilipoziweka mbili au tatu chini ya jina moja. Ikambidi Magnus alegeze msimamo wake.

Hapo ndipo ilipopatikana tofauti ambayo mjadala wote unasimama juu yake, nayo ni tofauti kati ya kuona na kutaja. Mtu anayeyaita majani na mbingu kwa jina moja si lazima awe ameshindwa kuvitofautisha, kama vile Mwingereza anayemwita ndugu wa baba na ndugu wa mama kwa neno moja hajashindwa kujua yupi ni baba mdogo na yupi ni mjomba.

2. Vipimo vya Torres

Mwaka 1898 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipeleka msafara katika visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres, kati ya Australia na Papua Guinea Mpya. Kiongozi wake alikuwa A. C. Haddon, na miongoni mwa wenziwe walikuwemo W. H. R. Rivers, C. S. Myers, William McDougall na mtaalamu wa lugha Sidney Ray. Kwa mara ya kwanza vyombo vya maabara vilipelekwa kwa watu badala ya watu kuletwa maonyeshoni.

Siku hizo wasafiri wengi walikuwa wakieneza habari kwamba watu waliowaita wa porini wana macho makali ajabu na masikio ya kusikia unyasi ukitikisika. Sifa hiyo ilikuwa na sumu ndani yake. Ilidaiwa kwamba nguvu inayokwenda katika hisi hupunguka katika akili. Vipimo vya msafara havikuthibitisha maajabu hayo. Macho ya wenyeji yaliwazidi Wazungu kidogo tu, na masikio yao hayakuwa makali kupita kiasi. Mvuvi wa visiwa hivyo aliweza kukiona chombo mbali kwa sababu alijua chombo huwaje kinapochomoza katika upeo wa bahari, na alijua mahali pa kuelekeza jicho. Ni ujuzi wa mazoea, kama ule wa nahodha wa pwani ya Afrika Mashariki ambaye huitambua jahazi kwa mkato wa tanga lake kabla abiria hajaona chochote ila weupe.

Lakini Rivers hakujitoa kabisa katika fikira za wakati wake. Alipoona kwamba wenyeji walilitumia jina la rangi nyeusi kwa buluu pia, alishuku kwamba macho yao yalikuwa dhaifu kidogo kwa buluu. Mwaka 1916 E. B. Titchener alivikosoa vipimo hivyo, akaonyesha kwamba namna ya kupima na mwangaza wa mahali pa kupimia vingeweza kuleta tofauti ile ile. Funzo lililobaki ni zito: chombo cha kupimia nacho kina ada zake.

3. Sikio la Mgeni

Upande wa sauti ulipata mtetezi wake mapema zaidi. Baadhi ya wataalamu wa karne ya 19 walidai kwamba lugha za mataifa waliyoyadharau zina sauti zisizotulia. Kwamba msemaji hutamka neno moja leo hivi na kesho vile. Mwaka 1889 Franz Boas aliandika makala mafupi akaigeuza hoja hiyo juu chini. Sauti zimetulia, alieleza. Asiyetulia ni msikilizaji. Sikio la mgeni hulazimisha kila sauti iingie katika vyumba vya lugha yake mwenyewe, na sauti isiyo na chumba hutupwa mara huku mara kule.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kwenda Marekani kutafuta ushahidi wa jambo hilo. Katika Kimvita, paa la nyumba na paa wa mwituni ni maneno mawili yanayotengwa na pumzi: sauti ya mwanzo ya jina la mnyama hutoka na mpumuo, na ile ya nyumba haina. Kadhalika Kimvita hutenga t ya menoni na t ya ufizi. W. E. Taylor, mmishenari aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alizisikia tofauti hizo akazitilia alama katika maandishi yake. Wengi wengine hawakuzisikia, au walizisikia wakaziona hazina kazi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi yake mwaka 1930, tahajia iliyoenea haikuwa na nafasi ya mpumuo wala ya t mbili. Mtoto wa Mombasa aliyesoma kwa tahajia hiyo alifundishwa kuandika pasipo kujali jambo ambalo sikio lake lilikuwa likilijali tangu utoto.

Mfano huu wafaa kukumbukwa kwa sababu unaonyesha upande wa pili wa sarafu. Lugha haimfanyi mtu kiziwi wala kipofu. Hata hivyo humzoeza azingatie. Aliyezoea mpumuo huusikia bila kujitahidi, na asiyeuzoea huuambiwa mara kumi asiusikie.

4. Mistari na Picha

Rivers alikuwa ameleta pia kutoka visiwani jambo lisilotarajiwa. Kuna mchoro maarufu wa mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, mmoja una vishale vilivyofungwa nchani na mwingine vilivyofunguliwa. Jicho hudanganyika likaona mmoja ni mrefu zaidi. Wenyeji wa Torres walidanganyika kidogo kuliko Waingereza. Mwaka 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walichapisha matokeo ya kuujaribu mchoro huo na mingine katika jamii nyingi, nyingi zao zikiwa za Afrika, wakathibitisha kwamba tofauti ipo kweli. Walipendekeza kwamba anayekua katika nyumba za pembe mraba, katikati ya meza, milango na masanduku ya seremala, hujifunza kuzisoma pembe kama dalili za umbali, na mazoea hayo ndiyo yanayomponza. Anayekua katika nyumba za msonge hana sababu ya kujifunza kosa hilo. Maelezo hayo yamepingwa na wengine, lakini yana faida moja kubwa: yanamkuta mpimaji akiwa ndiye aliyedanganyika.

Kinyume chake ni kisa cha William Hudson. Mwaka 1960 alitangaza matokeo ya vipimo vya picha alivyovifanya Afrika Kusini kwa wafanyakazi na wanafunzi wa makabila mbalimbali. Picha zilionyesha mwindaji, swala na ndovu, na ndovu alichorwa mdogo ili aonekane yuko mbali. Waliomwona ndovu karibu walihesabiwa kuwa hawaoni kina cha picha. Katika nchi iliyokuwa chini ya ubaguzi wa rangi, matokeo kama hayo hayakuhitaji kusukumwa ili yatumike vibaya. Ilhali kinachopimwa pale ni ada ya wachoraji wa Ulaya, ambao walikubaliana kwamba kidogo ni cha mbali na kilichofunikwa ni cha nyuma. Ni sarufi ya picha, na sarufi hufundishwa. Asiyefundishwa sarufi hiyo hana upungufu machoni, kama asiyejua Kiyunani asivyokuwa na upungufu ulimini.

5. Kiswahili Miongoni mwa Lugha Ishirini

Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walitoa kitabu kilichobadili mkondo wa mjadala. Walichunguza lugha 98. Kwa 20 kati yake waliwauliza wasemaji wenyewe, na kwa 78 walitegemea maandishi. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya zile 20. Walihitimisha kwamba rangi za msingi hazizidi 11, na kwamba huingia katika lugha kwa mpango unaofanana: lugha yenye majina mawili huwa na nyeupe na nyeusi, ikiongeza la tatu huwa nyekundu, kisha hufuata kijani au manjano, halafu buluu, na kuendelea. Fikira ya mfuatano aliyoianzisha Geiger ilirudi, safari hii bila dai la macho machanga.

Kitabu hicho kilikosolewa. Wengi wa walioulizwa walikuwa wakiishi California na wakijua Kiingereza, na kwa lugha nyingi mtu mmoja alihesabiwa kutosha. Uzito zaidi uko katika masharti ya kulikubali neno kuwa la msingi. Neno ambalo pia ni jina la kitu hutiliwa shaka, na neno la mkopo wa karibuni vilevile. Neno lisilo na mwenendo wa kisarufi kama wa wenzake hutiliwa shaka pia. Kwa masharti hayo Kiswahili kingebaki na majina matatu tu, nayo ni -eupe, -eusi na -ekundu. Lakini neno la Kiingereza ambalo ni jina la chungwa lilikubaliwa katika orodha ya 11 pasipo kuzuiwa mlangoni.

Utafiti uliofuata ulivuta kamba pande zote mbili. Mwaka 1972 Eleanor Rosch Heider alieleza kwamba Wadani wa Guinea Mpya, wenye majina mawili tu ya rangi, huzikumbuka vizuri zaidi zile rangi ambazo ni kitovu cha majina ya Kiingereza. Lakini mwaka 2000 Debi Roberson na wenziwe waliwapima Waberinmo wa Papua Guinea Mpya, wenye majina matano, wakaona kwamba kumbukumbu hufuata mipaka ya lugha ya msemaji. Mwaka 2007 Jonathan Winawer na wenzake walionyesha kwamba Warusi, ambao lugha yao huwalazimisha kutenga buluu iliyokolea na buluu nyepesi kwa majina mawili, huzitofautisha upesi kidogo rangi mbili zinapokuwa pande mbili za mpaka huo. Tofauti ni ya sehemu ndogo ya sekunde. Lugha haimpi mtu jicho jipya; humpa jicho lililozoezwa.

6. Rangi kwa Vitu Vyake

Maneno matatu ya asili ya Kiswahili yana tabia moja: hufuata ngeli. Nguo ni nyeupe, kitambaa ni cheupe, moyo ni mweupe. Mengine yote hutegemea kiunganishi na jina la kitu: kijani ni cha majani, kijivu ni cha jivu, manjano ni bizari, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Rangi ya nili, ya waridi, ya machungwa na ya damu ya mzee ni za jamii hiyo. Katika kamusi za zamani laonekana pia chanikiwiti kwa rangi ya majani mabichi. Mwenye kuhesabu maneno ya msingi huona uhaba hapa. Mwenye kutazama namna ya kuunda huona mtambo usiokoma: kila kitu kinachojulikana kwa wote chaweza kuwa jina la rangi siku kinapohitajiwa.

Matatu yale nayo hayakuachwa yafanye kazi ya rangi tu. Victor Turner, aliyefanya utafiti kwa Wandembu wa Zambia, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba nyeupe, nyekundu na nyeusi ndizo nguzo za matambiko yao, na kwamba rangi nyingine husemwa kwa kutokana na hizo au kwa kufananisha. Katika pwani ya Afrika Mashariki utatu huo wajulikana: kaniki, kitambaa chekundu na nguo nyeupe huonekana pamoja katika uganga, na kila mmoja hujua kwamba roho nyeusi haina uhusiano na giza la macho.

Vilevile yako maneno ambayo macho huyatumia kwa ushirika na hisi nyingine. Harold Conklin alieleza mwaka 1955 kwamba Wahanunóo wa Ufilipino wana majina manne ya rangi, na kwamba mawili kati yake hubeba pia habari ya ukavu na ya ubichi. Msemaji wa Kiswahili hawezi kushangaa. Embe bichi na embe bivu husema rangi, ugumu na ladha kwa pamoja. Nazi nayo ina majina kwa kila umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi yenyewe. Mkwezi huyatambua kwa rangi ya ganda, kwa uzito, na kwa sikio, kwani nazi iliyokomaa ikitikiswa maji yake husikika yakicheza, ilhali dafu limejaa halitoi sauti. Neno dafu halimo katika orodha ya rangi, wala ya sauti, wala ya ladha, nalo lina habari za zote.

Wafugaji wana mfano wao. E. E. Evans-Pritchard aliandika mwaka 1940 kwamba Wanuer wana majina kumi makuu ya rangi za ng'ombe, na kwamba majina hayo yakichanganywa na yale ya mabaka na mipaka yake hutoa mamia ya namna. David Turton, katika makala ya mwaka 1980 juu ya Wamursi wa Ethiopia, alionyesha kwamba majina yao ya rangi ni majina ya ngozi za ng'ombe. Anayewaonyesha watu hao vipande vya karatasi vya rangi awaulize majina amewanyang'anya ng'ombe kwanza, kisha akastaajabia ufupi wa majibu.

7. Kusikia, Kuona na Kunukia

Mwaka 1983 Åke Viberg alilinganisha vitenzi vya hisi katika lugha 53, akaeleza kwamba vitenzi hivyo hupanuka kwa mpango: neno la kuona huweza kuenea kwenye hisi nyingine, na neno la kusikia huenea kwa zile zilizo chini yake, yaani kugusa, kuonja na kunusa, kurudi juu ni nadra. Kiswahili ni kielelezo kizuri. Mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa na husikia maumivu. Vilevile huona kiu, huona baridi na huona haya. Kisha kila kitenzi hushika njia yake katika maadili na fikira. Kuona huelekea rai na hukumu: naona si vyema. Kusikia huelekea utii na maafikiano: mtoto msikivu ni mtiifu, waliosikilizana wamepatana, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mkalimani anayeandika kwamba shahidi 'alisikia' harufu kwa neno lenye maana ya masikio tu humfanya shahidi aonekane amechanganyikiwa. Vivyo hivyo maelezo kwamba mshukiwa alikuwa mtu mweupe yana maana moja kwa aliyeyasema na nyingine kwa anayeyasoma katika tafsiri. Na tofauti hiyo yaweza kumfunga mtu asiye na kosa. Hapo mjadala wa wataalamu umeingia mahakamani, na anayepata hasara hakusoma hata makala mamoja juu yake.

Katika harufu, wanafalsafa na wataalamu wengi wa Ulaya walizoea kusema kwamba pua haina lugha: kwamba harufu haiwezi kutajwa ila kwa kuitaja asili yake. Mwaka 2014 Asifa Majid na Niclas Burenhult walitoa ushahidi wa Wajahai wa rasi ya Malaya, ambao lugha yao ina maneno kama kumi na mawili ya harufu yasiyofungwa na kitu kimoja, na ambao huzitaja harufu kwa wepesi kama watajavyo rangi. Kilichodhaniwa kuwa udhaifu wa pua ya binadamu kikawa udhaifu wa lugha chache za Ulaya.

Kiswahili chasimama mahali pake katika jambo hili. Kwanza kina kunuka na kunukia. Kwa kuongezwa kiungo kimoja tu, kitenzi kinachokaripia kimekuwa kitenzi kinachosifu. Hukumu ya uzuri imewekwa ndani ya sarufi, na msemaji halazimiki kutafuta kivumishi. Pili kina majina ya harufu mbaya yenye mipaka yake: shombo na vumba kwa samaki, uvundo kwa kilichooza au nguo iliyokaa na unyevu, kikwapa kwa jasho la mwili. Majina hayo hukaa katika kamusi yakitawanyika, kila moja chini ya herufi yake, hata msomaji asitambue kwamba ni jamii moja.

8. Ada ya Kuhisi

Ada ndiyo mwalimu wa hisi. Katika nyumba za pwani manukato yana ratiba. Udi hufukizwa kwenye chetezo kwa arusi na kwa wageni, na nguo hufukizwa kabla ya kuvaliwa. Asumini, mkadi na rihani hufungwa vikuba. Ubani hutambulika mara moja mahali pa maziko na dua, hata mchango wa wafiwa ukaitwa ubani. Mtoto aliyekulia humo hujua kwa pua, kabla ya kuambiwa, kama nyumba ina furaha au ina msiba. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliandika habari za mila kutoka ndani, kwa lugha yake mwenyewe. Na mwandishi wa namna hiyo huhifadhi mambo ambayo hojaji ya mgeni haina safu yake.

Kuona nako kuna ada. Kila mwaka mfungo unapokaribia kwisha, mwezi mwandamo hutafutwa na macho ya wengi, lakini jicho peke yake halitoshi kuileta Idi. Hutakiwa ushahidi, huulizwa nani ameona na ameona wapi, na hujadiliwa kama mwandamo wa nchi moja unawafunga watu wa nchi nyingine au kila matlai ina watu wake. Hesabu za falaki zaweza kueleza mwezi uko wapi. Haziwezi kuamua kuonekana kwake ni kuonekana kwa nani. Watu wenye macho yale yale, wakiitazama mbingu moja, husherehekea siku mbili tofauti, na hakuna aliye kipofu miongoni mwao.

Kathryn Linn Geurts, katika kitabu cha mwaka 2002 juu ya Waanlo wa Ghana, alikwenda mbali zaidi. Alionyesha kwamba hesabu yenyewe ya hisi tano ni ada. Kwa Waanlo, usawa wa mwili, yaani uwezo wa kusimama na kutembea pasipo kuanguka, ni hisi inayothaminiwa na inayofungamana na tabia njema. Na lugha yao ina neno moja kwa yale yote yanayosikika mwilini. Kitenzi kusikia cha Kiswahili, kinachokusanya njaa, maumivu, harufu na sauti, chaonyesha kwamba jambo hilo halikuwa mbali na pwani hii pia.

Hitimisho

Kutoka Gladstone hadi leo, kila mara mpimaji alipodhani amegundua upungufu katika mwili wa watu wengine, uchunguzi wa baadaye umeuhamisha upungufu huo: ukawa katika msamiati, ukatoka huko ukawa katika vipande vya rangi na michoro iliyotumiwa, mwishoni ukaonekana katika mazoea ya mpimaji mwenyewe. Tofauti za kweli zimebaki, nazo ni tofauti za mazoezi. Sikio la Mombasa husikia mpumuo, jicho la Mrusi hutenga buluu mbili, pua ya Mjahai ina maneno, na jicho la aliyekulia kwenye pembe za seremala hudanganyika kwa mistari.

Kwa wanaokitumikia Kiswahili, historia hii inadai mambo matatu. Kamusi zisiridhike kulifasiri neno la rangi kwa neno moja la Kiingereza. Ziseme husifia nini, na katika ngeli zipi, na lini mweupe si rangi. Majina ya harufu, ya ladha na ya miguso yakusanywe kwa jamii zake kutoka kwa wavuvi, wakwezi, wapishi na wauza manukato, maana wengi walio na msamiati huo hawaandiki. Na mitihani ya watoto isipime kwa picha na vipande vya karatasi jambo ambalo ada yao haikuwafundisha kulisoma, kisha ikaliita jambo hilo akili. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kila mwenye macho ametazamishwa na mtu, na kwa lugha fulani, tangu alipokuwa mgongoni.